Wadudu Walipotoka Mtoni

Mjukuu wangu, iko siku moja ya mvua za masika ambayo naikumbuka kama ya jana: nimesimama ukingoni mwa mto, ufito wa kuvulia mkononi, na moyo haukai. Keti kidogo nikusimulie. Najua kuketi kwenyewe kunakuwasha. Tangu asubuhi unatoka nje na kurudi, mara utaenda chuo, mara utaenda Uarabuni, mara utafungua saluni hapa Waithaka. Sikucheki. Damu hiyo umeitoa kwangu.

Wakati huo nilikuwa msichana mgeni mjini, kutoka Vihiga, nafanya kazi Ngara, ghorofani, kwenye karakana ya mama mmoja tuliyemwita Mama Njeri. Tulitengeneza chambo cha kuvulia trauti, wale samaki wa maji baridi ya milimani. Unachukua ndoano ndogo, unaizungushia uzi na manyoya ya jogoo mpaka ifanane na mdudu. Mama Njeri macho yalikuwa yameanza kumchoka, na tangu Krismasi alikuwa akiniomba niishike karakana yake. Nami kila akiniuliza nilimjibu, "Wacha nifikirie kidogo, Mama." Asubuhi niliitaka. Mchana nilitamani ushonaji. Usiku nilijigeuza kitandani kama chapati.

Kila msimu alitupeleka msitu wa Aberdare, tuwaone wadudu wenyewe mtoni, maana alisema huwezi kuiga usichokijua. Siku hiyo tulikwenda mimi, yeye na mwenzetu Wairimu. Mama Njeri aligeuza jiwe majini akatuonyesha vidudu vilivyoling'ang'ania. Vinakaa humo miezi mingi, akatueleza, kisha siku moja vinapanda juu, vinakunjua mabawa na kuruka. Na hiyo saa yao ni fupi.

Manyunyu yalipokatika, wadudu wakatoka. Mto mzima ulijaa mabawa ya kijivu, na trauti wakaanza kuwadaka, chubwi huku, chubwi kule! Wairimu akatupa mshipi wake. Mimi nilifunga chambo cha kijivu, nikakiona kikubwa. Nikakifungua, nikafunga kidogo. Hapana, nikaona cha kahawia kingefaa zaidi. Nafungua tena. Nilipoinua kichwa, maji yalikuwa yametulia. Wairimu alikuwa na samaki wake. Mshipi wangu haukuwa umelowa hata.

"Kageha," Mama Njeri akaniita, "hata mara moja hukutupa?"

"Nilikuwa natafuta chenye kitafaa, Mama."

"Vyote vingefaa. Samaki walikuwa na njaa. Wewe ulikuwa na woga." Kisha akaniuliza polepole, "Na ile karakana? Unaitaka ama huitaki?"

"Nipe wiki moja, Mama."

Alikunja sweta yake, akatangulia kwenye njia.

Jumatatu iliyofuata nilipanda ngazi za Ngara mbio, nimekwisha kuamua, jibu liko mdomoni. Nikamkuta Wairimu ameketi kwenye kiti cha Mama Njeri, funguo ziko mbele yake. Wahenga hawakukosea: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Nilimfuata Mama Njeri hadi dirishani huku machozi yananitoka.

"Lakini Mama, nimekuja kusema ndiyo!"

"Najua," akasema, akanishika mkono. "Lakini hawa wenzako wako na watoto nyumbani. Hawawezi kula 'labda' yako."

Miguu ilitaka kuondoka siku ileile. Nikailazimisha ikae. Nilifanya kazi chini ya Wairimu miaka mingi, na alikuwa bosi wa haki, pengine kunishinda, ingawa ziko siku nilikitazama kile kiti nikahisi mwiba. Basi. Lakini marehemu babu yako aliponiuliza kama nitaolewa naye, nilimjibu kabla chai haijapoa, mpaka yeye mwenyewe akashtuka!

Mwanangu, kutotulia si dhambi. Na mimi ndiye niliyekufundisha kwamba haraka haraka haina baraka. Lakini iko subira, na uko woga unaovaa nguo za subira, jifunze kuvitofautisha. Mambo mema yakiwa mengi mbele yako, usiyazunguke yote mpaka jua litue. Shika moja, uliingie kwa miguu yote miwili. Likikushinda, utakuwa umejua kitu. Na mtu anayekungoja, mpe jibu lake, hata likiwa hapana, kwa sababu hapana humwachilia mtu aende zake, lakini labda humfunga mlangoni.

Haya, inuka sasa. Mungu akutangulie, aibariki kazi ya mikono yako, akupe usingizi mtamu baada ya kila uamuzi, na popote utakapofika, ukute watu wa kukukaribisha.