Skrubu ya Cherehani cha Mama

Juzi nilishuka kwenye basi pale Edmonton, hapa London, nikapita mbele ya duka la fundi cherehani, na harufu ya mafuta ya mashine ikanivaa. Jamani! Nikasimama palepale na mifuko yangu. Nilikuwa na miaka kumi tena, niko sebuleni kwetu, chapati zanukia jikoni.

Mama alikuwa yaya wa binti mmoja wa Kitaliano, rika langu kabisa. Ukoo wao ulikuwa na kiwanda cha vyerehani huko Italia, na yeye ndiye aliyetazamiwa kukirithi. Wazazi wake walikuwa safarini siku zote, basi kila Jumamosi Mama alimleta kwetu. Alikula ugali na dagaa kwa mkono, na Kiswahili chake kilikuwa kilekile cha Mama, cha Tanga. Mimi, mtoto wa nyumba, nilijibu kwa Kiingereza. Mama alinitania mpaka nikanuna, eti Mswahili wake wa kweli kazaliwa Italia.

Sasa, kwao kulikuwa na desturi. Mtoto akitimiza miaka kumi hufungua cherehani kizima mbele ya babu, akakiunga upya, kisha akashona mshono mmoja ulionyooka, yote kwa muda uliowekwa. Akiweza, anahamia Italia kwa babu kujifunza kazi ya kiwanda. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa binamu yake, na mwenyewe anabaki London. Na katika jumba lao lote hamkuwa na cherehani hata kimoja, ila picha ukutani! Cha Mama, alichoshonea nusu ya magauni ya harusi za Waswahili wa Edmonton, ndicho kilichotoka kiwandani kwao. Tukafanya mazoezi miezi mitatu, yeye mikono imejaa mafuta, mimi nashika saa. Nilitaka ashinde kuliko nilivyotaka sikukuu.

Siku ikafika. Babu mwenyewe akaja Edmonton na koti lake la sufu, akakalishwa kwenye kochi letu la vitambaa vya kufuma, akapewa chai ya tangawizi. Binti akaanza. Mikono ile, we! Vipande vikatoka kimoja kimoja, vikapangwa juu ya kanga. Ndipo nikakumbuka kwamba akishinda anaondoka. Nikachukua skrubu moja ndogo, nikaifumbata.

Akaunga kila kitu, akafika mwisho, akapapasa kanga. Babu akatazama saa yake. Nilipomwona Mama midomo inamcheza kwa dua, nikashindwa. Nikainama, nikajifanya naiokota sakafuni. Mshono ukatoka umenyooka, babu akalia machozi, nasi tukashangilia mpaka majirani wakagonga ukuta. Wiki mbili baadaye binti akaondoka kwenda Italia.

Mwaka jana, baada ya kukiuza kile kiwanda, alikuja kunitembelea. Bado anasema Kiswahili cha marehemu Mama. Nilipomsikia mlangoni nilimkumbatia nikalia. Tukiwa mezani nikamwungamia habari ya skrubu, huku nacheka. Yeye hakucheka.

"Nilikuona unaificha," akasema. "Mimi nisingeweza kumwangusha babu makusudi. Nilikuwa namwomba Mungu usiitoe."

Mama hayupo, kiwanda si chao tena, na jumba lile limegeuzwa fleti. Hayo nimeyazoea. Lakini zile Jumamosi zetu nilizimaliza mwenyewe, nikidhani namtendea wema.