Silinda ya Kushoto

Kila asubuhi ya kiangazi kile, baba yangu alitoka nje akiwa amevaa koti lake la zamani la karakana ya reli, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na ukuta wa jikoni, akaniuliza swali lilelile.

"Leo tunaangalia nini?"

Nilikuwa nimerudi Katuba, mtaa wa wazazi wangu, kwa muda mfupi. Ndivyo nilivyomwambia rafiki niliyemwachia ufunguo wa chumba changu mjini, chumba chenye meza, dirisha, na riwaya iliyokwama katikati. Presha ilikuwa imemwangusha baba. Alitoka hospitali akiburuta maneno kidogo, na mkono wake wa kushoto ulilala mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa kukishikilia. Mama aliniita, nikaja na begi dogo. Kisha nikaahidi, bila kufikiri sana, kwamba nitaitengeneza pikipiki ya baba, halafu nitakwenda zangu.

Ilikuwa pikipiki kubwa, kuukuu, silinda zake mbili zimesimama bega kwa bega, kila moja na kabureta yake na bomba lake la moshi. Ilimpeleka baba kazini miaka yote, na wakati wa likizo ilimfikisha hadi Mitwaba, kwao, akirudi mwekundu kwa vumbi kuanzia nyusi hadi viatu. Huko bado anaishi dada yake mkubwa. Baba alikuwa ametangaza mbele yetu sote kwamba kabla mvua hazijaanza atakwenda kumwona, na atakwenda kwa pikipiki yake, si juu ya magunia kwenye lori la watu.

Lakini pikipiki ilikuwa inaumwa. Iliwaka, kisha ikatetemeka, ikatoa moshi mweusi, ikavuta pumzi nusu na kuiacha.

"Iko nakohoa upande ya kushoto," alisema baba siku ya kwanza.

Ilikuwa kweli. Nilipochomoa waya wa buji, plagi ya cheche, upande wa kulia, injini ilizima mara moja. Nilipochomoa wa kushoto, hakuna kilichobadilika. Silinda ya kulia ilikuwa inafanya kazi ya wawili. Buji ya kushoto ilitoka imejaa masizi makavu, nyeusi kama tako la sufuria ya bukari, ugali wetu.

Nikazibadilisha buji, ya kulia nikaitia kushoto. Kikohozi kikabaki kushoto. Nikazibadilisha nyaya, kikabaki. Nikafungua kabureta juu ya gunia, nikapuliza kila tundu, nikazibua yale madogo kwa unyoya mgumu wa brashi, baba akiniongoza kutoka kitini kwa kidevu chake. Kikabaki. Alinikataza jambo moja tu: nisiguse visanduku vya machujio ya hewa. "Kule acha. Nilivifunga mwenyewe mbele ya ugonjwa." Alivifunga kabla hajaugua, hilo lilinitosha; nikamtii.

Jirani yetu ni manseba, anabeba abiria kwa pikipiki kutoka barabara kubwa, na kila jioni alipitia kwetu kutoa maoni. Alishikilia kwamba ubaya uko kwenye esansi, petroli yenyewe. Mtaa mzima uliamini hivyo: injini ikisumbua Katuba, kosa ni la mafuta ya vidumu yanayotoka Mokambo, mpakani, yaliyotiwa mafuta ya taa njiani. Tukamwaga tangi, tukatia mafuta mengine, tukamwaga tena. Kikohozi hakikusogea.

"Vieux," jirani alimwambia mzee wangu, akiipiga pikipiki kofi, "hii moto ilishafika myaka ya pansio. Muyiache ipumuzike."

"Yako ya Bachinois itaoza mbele ya hii," baba alimjibu, akiidharau pikipiki yake ya Kichina. "Utakuya kuniomba nikubebe."

Wakacheka wote wawili. Mama, aliyekuwa anapepeta mchele mlangoni, hakucheka.

Siku zikawa na umbo la lupango wetu: kuta nne za matofali, geti la bati, kamba ya nguo, na mbingu ya kiangazi isiyo na wingu wala neno. Asubuhi baridi ya kiangazi chetu ilikaa kwenye spana hadi vidole viliuma. Adhuhuri niliosha mikono kwa esansi, kisha kwa sabuni, na bado chakula kilinukia injini. Nilijaribu kuandika chumbani, nikasikia kiti cha plastiki kikilia chini ya baba, nikajua ananingoja, nikaacha kalamu. Rafiki aliandika kwenye simu kuuliza chumba akifanyeje. Nilimjibu kwamba imebaki kidogo. Nilikuwa nimefunga safari yangu kwenye mashine ile kwa mkono wangu, na sasa mashine haikutaka kuniachilia.

Asubuhi moja baba alichelewa kutoka. Nilikuwa nimechuchumaa, buji nyeusi kiganjani, na safari hii nikaitazama kama mtu anayesikiliza. Masizi makavu: moto unakula mafuta bila kupata hewa. Hapakuwa na pa kutafuta tena ila pale nilipokatazwa. Nikafungua kisanduku cha kushoto. Ndani, mbele ya chujio, kitambaa kilikuwa kimesokotwa na kusukumwa hadi mwisho. Nikakivuta. Kilikuwa kipande cha kikwembe, kijani chenye ndege wa manjano. Kikwembe hicho nilikijua kiunoni mwa mama tangu nikiwa mdogo.

Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mwiko mkononi. Upande wa kushoto wa pikipiki ndio uliotazama mlango ule.

"Ukiitosha ile," alisema polepole, mwiko ukielekea kitambaa nilichokitoa, "atapanda. Atakwenda kuanguka mu njia."

"Ananiuliza kila asubuhi, Mama."

"Na weye umujibu kila asubuhi."

Ningeweza kukirudisha pale pale. Lakini nilifikiria chumba, meza, dirisha, nikakitupa kikwembe kwenye gunia kati ya spana, nikafunga kisanduku, nikapiga kiki.

Silinda zote mbili ziliitikia. Sauti ilikuwa moja, nzito, laini, ikajaa lupango mpaka bati la geti likaimba. Nilikuwa nimeisahau. Ndiyo iliyotuambia utotoni kwamba baba amefika kona.

Alitoka bila koti. Hakukaa. Alikuja moja kwa moja, nikamsaidia kupitisha mguu, akaketi juu ya kiti cha ngozi, pikipiki ikiwa bado imesimama kwenye stendi. Mkono wa kulia ukajua mahali pake. Wa kushoto aliuinua kwa ule wa kulia, akauweka kwenye mpini wa klachi, kidole kimoja kimoja.

Akavuta. Niliona uso wake wote ukiingia katika kuvuta kule: taya, macho, mshipa wa paji. Vidole vililala juu ya chuma. Mpini haukusogea.

Alijaribu tena. Kisha akaacha kujaribu, akaiongezea mafuta kidogo kwa mkono wa kulia, akasikiliza. Alisikiliza muda mrefu. Mwishowe akageuza ufunguo mwenyewe.

Katika ukimya ule nilisikia mama akiweka mwiko chini.

"Ilipona," alisema baba. Macho yake yakashuka kwenye gunia, yakawakuta ndege wa manjano. Hakushangaa hata kidogo. Dirisha la chumba alicholala akiumwa linatazama ukuta ule ule wa jikoni, pikipiki inaposimama; alikuwa amemwona mama akikitia, na akakiacha. Ndipo nikaelewa kwa nini nilikatazwa visanduku.

"Rudisha kitambaa ya mama yako fasi ilikuwa."

Nilikisokota, nikakisukuma hadi mwisho. Mama alitazama hadi nilipokaza skrubu ya mwisho, kisha akaingia ndani kuchochea makaa.

Kesho yake baridi ilikuwa kali. Baba alitoka akiwa amevaa koti la karakana, akakaa kwenye kiti cha plastiki, mkono mapajani.

"Leo tunaangalia nini?"

Begi langu lilikuwa chini ya kitanda. Simu ilikuwa imezimwa. Nilitandaza gunia, nikapanga spana kutoka kubwa hadi ndogo, kama anavyopenda.

"Kabureta, Papa. Ya kushoto."

"Njo vile," aliitikia, akisogeza kiti karibu. "Ile kabureta iko na mambo."