Betri Zikiisha

Kuna mtu mmoja niliyemkomoa maishani mwangu, na sijutii. Nasema mapema, ili anayetafuta mtu wa kutubu asipoteze muda wake hapa. Mtu huyo ni mtoto wa mjomba wangu, mvulana aliyenizidi mwaka mmoja tu, lakini kwa maoni yake mwenyewe alinizidi akili za ukoo mzima.

Kwetu Uluguruni mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa hiyo mjomba ndiye mwenye sauti juu yako, na akipata kitu, wapwa zake ndio wa kwanza kufikiriwa, watoto wake mwenyewe baadaye. Halafu hao watoto wa mjomba ni watani wako. Mtani anaweza kukusema vibaya mbele za watu, kukunyang'anya kitu mkononi, kukumwagia maji ukiwa umeshavaa nguo ya kanisani, na wewe huruhusiwi kununa. Anayenuna kwenye utani ameshindwa, na atachekwa mpaka azeeke. Hilo ndilo lililoniponza, na ndilo hilohilo nililolitumia baadaye.

Mjomba alikuwa dereva wa lori. Tulikuwa tumetoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni, tukaingia kwenye miaka ya ruksa, maduka ya Morogoro yakafurika vitu ambavyo hata majina yake hatukuyajua. Kila akirudi kutoka Dar, mjomba alikuwa na kitu cha ajabu kwenye kebini. Nyumba yake ya Kilakala ilikuwa na umeme, TV na deki ya video, wakati huo ambapo TV haikuwa na kituo chochote cha kuangalia. Sisi tulikaa Bigwa, chini kabisa ya mlima, na nguzo za umeme zilikuwa zimefika njia panda zikakaa hapo. Tulikuwa na redio, na betri za redio zikichoka mama alizianika juu ya bati zipate jua, siku ya pili zinaimba tena kidogo.

Nilipofaulu darasa la saba na kuchaguliwa kwenda sekondari, mjomba alituma salamu niende kwake Jumamosi. Nilikuta vitu viwili juu ya meza, vimewekwa kwenye kitambaa cha kufuma. Kimoja kilikuwa kigemu cha kushika mkononi, cha kijivu, kina kioo kidogo kama cha saa. Cha pili kilikuwa sanduku jeusi la kuchezea magemu, zito, linang'aa, halina kioo, lina pedi mbili za vitufe na kanda yake ya gemu. Mjomba akasema nichague kimoja, kitakachobaki ni cha mwanawe. Akaenda uani kunawa, akatuacha.

Mimi nilikuwa nimeshakipenda kile kidogo. Kilikuwa kinaingia mfukoni, ningeweza kukibeba mpaka mlimani kwa bibi, ningeweza kucheza nikichunga mbuzi. Nikanyoosha mkono. Binamu yangu akanisogelea, akaongea kwa upole ambao ningeutilia mashaka kama ningekuwa na akili siku hiyo.

"Mtani, usije ukajuta. Hicho kidogo kinakula betri kama mchwa. Hili kubwa lina nguvu zake."

Lina nguvu zake. Sikilizeni neno hilo mlivyolisikia, halafu mlisikie kwa masikio ya mtoto wa Bigwa. Kwetu redio ilikuwa na nguvu au haina nguvu, basi, na nguvu zilitoka kwenye betri, na betri ziliisha. Nikaelewa kwamba sanduku lile halihitaji betri wala kitu chochote kwa sababu nguvu zimo ndani yake, zimewekwa hukohuko Japani. Na kwamba kioo kimo humo ndani, kuna mahali pa kubonyeza kitatokea. Yeye alijua ninaelewa nini. Nilimwona kwenye macho, ila wakati ule sikujua kusoma macho ya mtu.

Mjomba aliporudi akaniuliza kama nimechagua. Nikasema nimechagua kubwa. Akacheka, akasema huyu ndiye mpwa wangu, anataka chenye nguvu. Nadhani alidhani nitaliacha palepale kwenye TV yake niwe nakuja kucheza. Alishangaa kidogo nilipoomba kanga ya kulifungia, lakini mjomba alikuwa mtu asiyependa kuingilia chaguo la mtu. Nikalitwika kichwani, nikashuka nalo mpaka Bigwa, na njiani nilimwambia kila aliyeniuliza.

Watoto wa majirani walijaa uani. Nikalifungua, nikaliweka juu ya kinu kilichogeuzwa, nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Mama akashika ule waya uliokuwa unaning'inia nyuma, akaufuata kwa vidole mpaka mwisho, akafika kwenye vile vyuma viwili vya plagi. Akaniangalia. Baba ndiye aliyesema, kwamba hilo labda tulichomeke kwenye mgomba. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Jumatatu nikalirudisha Kilakala, nimelitwika vilevile, na watu walewale wa njiani wakaniuliza tena. Binamu yangu alikuwa kibarazani anacheza na kigemu changu. Ndiyo, changu. Aliniona na mzigo kichwani, akaweka kigemu mfukoni taratibu, akasema, "Karibu mtani, nimeshakuwekea nafasi kwenye TV." Kwa hiyo akawa navyo vyote viwili. Kidogo kipo mfukoni mwake, kikubwa kipo sebuleni kwake, na mimi niliyechagua kwanza sina kitu. Wenzetu siku hizi wanasema kuingizwa mjini. Mimi niliingizwa mjini nikiwa nimejibebea mzigo mwenyewe.

Kama angeishia hapo labda ningesamehe. Hapana, nadanganya, nisingesamehe. Lakini hakuishia hapo. Likizo yangu ya kwanza nikaenda kwao kucheza. Sebule imejaa marafiki zake, TV inaonyesha magari mawili, jekundu na la bluu. Akanipa pedi ya pili kwa heshima zote, akaniambia la bluu ni langu. Nikakaa kwenye mkeka nikaendesha. Nilipinda kushoto na gari likapinda kushoto, si kila mara, lakini nikajilaumu mwenyewe kwamba sijazoea. Nilishinda mara mbili. Nilipiga kelele kwa furaha, nikawaambia wale wavulana kwamba mnaona, msichana wa Bigwa huyo.

Nilicheza hivyo siku tatu. Siku ya nne shangazi, mke wa mjomba, akaja kufagia, akainua kitambaa cha meza. Nikaona waya wa pedi yangu umelala chini ya meza, umekunjwa vizuri, ncha yake haijachomekwa popote. Gari la bluu lilikuwa linajiendesha lenyewe siku zote tatu. Wavulana wote walikuwa wanajua. Kicheko kilichotoka mle ndani nakisikia mpaka leo nikiwa nasonga ugali.

"Utani tu, mtani," akasema.

Na mimi nikacheka. Nililazimika kucheka. Nilicheka nikiwa nimeuma ulimi mpaka nikasikia ladha ya damu, nikaaga, nikaenda kulia mtoni. Pale mtoni niliapa. Nilitaka kitu kimoja tu, kile kigemu kidogo, na nilitaka kukichukua mchana kweupe mbele ya watu wote, yeye akilazimika kucheka kama mimi nilivyolazimika kucheka. Kuiba nisingeiba. Mwizi anaogopa, na mimi sikutaka kuogopa.

Nikasubiri zaidi ya mwaka. Mtu akikuambia hasira hupoa, mwambie aje nimwonyeshe.

Bibi yetu, mama yake mama na mjomba, alikuwa akiishi juu mlimani, karibu na misheni. Akafariki. Siku ya kumaliza msiba tulipanda ukoo mzima, mwendo wa asubuhi hadi jua la utosi, na binamu yangu alipanda na viatu vyake vya mjini akateleza njia nzima. Mlimani hakukuwa na umeme wala TV. Kwa hiyo alibeba kile kidogo. Niliuona mfuko wa shati lake umevimba.

Kwenye kumaliza msiba ndipo utani unapopewa kiti. Watu wamekula maharagwe ya fiwi na ndizi, pombe inazunguka, wazee wamekaa kwenye mikeka, na watani wanasema watakalo ili waliofiwa wacheke. Binamu yangu akasimama. Alikuwa na kipaji, siwezi kumnyima. Akasimulia habari ya gari la bluu. Akaniigiza nilivyokuwa nikiinama na kona, nilivyopiga kelele msichana wa Bigwa huyo. Wazee walicheka wakafuta machozi. Mjomba alicheka. Mama yangu mwenyewe alicheka, kafichia uso kwenye kanga.

Nikanyanyuka. Nikaenda mpaka mbele yake, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa shati lake, nikatoa kigemu, nikakiinua juu wote wakione.

"Nimeteka," nikasema. "Mtani njoo ukomboe."

Wanawake wakapiga vigelegele. Hiyo ndiyo kanuni, mtani akiteka kitu msibani, mwenyewe hukikomboa kwa masharti ya aliyeteka, na hanuni. Binamu yangu akatoa meno, lakini macho yake hayakucheka. Akauliza nataka nini. Nikamwambia nataka aseme mbele ya wazee maneno aliyoniambia siku ya kuchagua. Maneno yenyewe, asipunguze.

Akasema hakumbuki. Wazee wakamzomea, mtani gani huyo anayeogopa maneno. Akajaribu kuyageuza mzaha, wakamzomea tena. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo, kwamba aliniambia kubwa lina nguvu zake, na alijua kwetu hakuna umeme.

Watu walianza kucheka, lakini mjomba aliacha kucheka. Nilimwona akiielewa zawadi yake ilikokwenda. Nilitaka mambo yaishie hapo, yalikuwa matamu. Lakini binamu yangu alikuwa ameshafunguka na hakuweza kujizuia.

"Baba ni baba yangu," akasema, "lakini wa kuchagua kwanza ni yeye siku zote. Mimi nilitaka nichague mara moja tu."

Hapo ndipo alipoharibu. Alikuwa amenuna kwenye utani, mbele ya ukoo ambao si wake. Ukoo wake ni wa mama yake, wako huko Matombo, na pale mlimani alikuwa mgeni hata kwenye msiba wa bibi yake mwenyewe. Mjomba akanigeukia, akasema kwa upole, mwanangu mrudishie, ameshakomboa.

Na kweli alikuwa ameshakomboa. Kila mtu alisubiri nimpe. Nikamwangalia yule mvulana, mkono ameshaunyoosha apokee, nikaukumbuka ule waya chini ya meza.

"Nitamrudishia," nikasema. "Betri zikiisha."

Loo, mlima ulitikisika. Wazee walijipiga mapaja. Waliona nimeuokoa utani uliokuwa unazama, nimewatoa kwenye aibu, wakanisifu kwamba mtoto huyu ni mtani hasa. Hawakujua kwamba sikuwa natania. Tuliojua tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Akacheka, kwa sababu ilimlazimu acheke.

Betri hazikuisha. Zilipoanza kufifia nilizianika juu ya bati kama za redio. Zilipogoma kabisa kupata jua, nilinunua mpya na kuzibadilisha mojamoja, sikuzitoa zote mara moja hata siku moja, ili asije mtu akasema ziliisha. Kigemu ninacho mpaka sasa, kabatini, kioo kimefifia pembeni. Lile kubwa liliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu Kilakala, na habari hiyo nilipoipata nilikula chakula kizuri.

Mama alifariki miaka mingi baadaye. Siku ya kumaliza msiba, mtani wa haki alikuwa yeye, mtoto wa kaka wa marehemu. Ni yeye aliyetakiwa kuingia akimwigiza mama alivyokuwa akisaga meno akihesabu kuku, aninyang'anye kanga, aseme nimelia kwa sauti ya mbuzi. Nilikuwa nahitaji kucheka siku hiyo kuliko nilivyowahi kuhitaji kitu. Nilikuwa nimekitia kigemu kwenye mkoba, nikauweka mkoba mkekani, wazi, upande atakaokaa, akitaka akiteke.

Akaja amevaa suti. Akanipa mkono kwa adabu. Akasema, "Pole sana, dada. Mungu akutie nguvu."

Akakaa kando ya mkoba, akala, akaaga wazee mmoja mmoja. Hakugusa kitu. Jioni nilikunja mkeka, nikaufunga mkoba wangu, nikarudi nao ndani.