Kufuli la Kuogopwa na Nyundo

Juzi, katika duka moja mjini Sake, mkulima wa kijiji cha Bihambwe alikuwa akichagua kufuli la baiskeli yake mpya. Aliyagonga makufuli yote mezani, akayang'ata kupima ugumu wake. Kisha akamwambia mwenye duka:

"Papa, unipatie kadena, kufuli yenye hata nyundo itaogopa."

Akachukua kubwa kuliko yote, akalifunga gurudumu la baiskeli kwa mnyororo na kufuli hilo kwenye mgomba nyuma ya duka, akarudi kutuonyesha ufunguo sisi tuliokuwa dukani.

Tukasikia pigo moja la panga. Tukatoka mbio! Mgomba ulikuwa chini, mwizi anapanda kilima na baiskeli begani, maana gurudumu lilikuwa bado limefungwa kwa mnyororo. Ikamlemea, akaitupa, akatokomea.

Tulipoifikia baiskeli, mkulima akainua kufuli juu, akihema. "Munaona? Kadena iko muzima. Haikufunguka."

Msimcheke. Kufuli sote tunaling'ata. Nani amewahi kuung'ata mgomba?