Mchuzi wa Nyasi Uliomkata Mzee Mkono

Ni mimi! Wanaosema ni Lazaro wanakosea, na wanaosema ni Bwana Mganga wanakosea nusu. Ile damu iliyosababisha ng'ombe thelathini na mmoja kupigwa risasi kule Engutoto haikuwa na ugonjwa wowote. Ugonjwa niliutia mimi. Kwa mzaha!

Haya, nimesema. Wino umemwagikia kidole, lakini nimesema.

Jina langu silitoi. Mnajua wenyewe kiboko cha Mdachi hakimuulizi mtu umri. Na Lazaro si jina lake la kweli, nimemwazima tu. Najua ni uoga kujificha nyuma ya gazeti. Basi niacheni nijifiche, mradi safari hii sinyamazi.

Mwanzo ulikuwa hivi. Ng'ombe wa mlowezi mmoja alikufa huko chini mtoni, damu nyeusi ikimtoka puani. Kimeta! Bwana Mganga wa ng'ombe akapanda kutoka bomani hadi shuleni kwetu, akaomba vijana sita wanaojua kusoma ili wamsaidie kupima damu ya kila zizi. Mimi nilichaguliwa kwa sababu mwalimu alitaka nimwondokee machoni. Lazaro alichaguliwa kwa sababu ni Lazaro. Yule hata akitaka kupiga chafya anaomba ruhusa.

Bwana Mganga alikuwa na masharubu yaliyopinda juu kama pembe za maksai, na hadubini ya shaba ambayo hatukuruhusiwa hata kuipumulia. Siku ya kwanza alitutazamisha mate yetu wenyewe. Nikainama, nikaona vitu vinatembea!

“Jamani, mate yangu yana wakazi!” nikapiga kelele.

“Ndiyo maana hunyamazi,” akasema Lazaro bila hata kutabasamu. “Wanasukumana kutoka.”

Darasa zima lilicheka, na Bwana Mganga akacheka pia. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchekesha, nilichekwa! Hapo ndipo shetani aliponikuta nimekaa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kosa. Bwana Mganga alitufundisha kuweka tone la damu juu ya kioo, kulivuta kwa ukingo wa kioo kingine mpaka liwe utando, kulikausha, kulipitisha juu ya moto mara tatu, kisha kulipaka rangi ya buluu. Damu ya ng'ombe mzima inaonyesha viduara tu, kama shanga zilizomwagika. Damu ya kimeta ina vijiti virefu vilivyoungana kama vipande vya mianzi.

Halafu akatuonyesha jinsi vijidudu vinavyokuzwa. Alichemsha nyasi kavu katika chungu, akachuja, akayaweka yale maji kwenye chupa karibu na meko. Siku ya tatu juu yake pametanda ukungu. Tone moja chini ya hadubini, na vile vijiti hivi hapa! Ndugu pacha wa kimeta!

“Tazama,” akasema kwa Kiswahili chake cha kubomoa. “Hii ya nyasi hapana dhara. Hii naogelea. Kimeta hapana ogelea, nalala tu. Lakini wewe kausha, yote nalala. Wewe hapana jua! Basi ngoja panya.”

Maana ya panya ni hii. Damu yenye mashaka anadungwa panya wa kwenye sanduku. Ikiwa ni kimeta, baada ya siku moja au mbili anakufa. Ikiwa si kimeta, anakudai chakula.

Wenzangu waliandika yote. Mimi nilishika neno moja tu: vikikauka, huwezi kuvitofautisha. Nikaona mzaha umeniiva mkononi.

Jumatatu Lazaro akaleta damu ya ng'ombe wa kwao. Ilitoka sikioni mwa maksai mweupe mwenye kengele, kipenzi cha baba yake, nasi wote sita tunamjua yule maksai. Akaweka tone juu ya kioo, akatoka kuchukua kijinga cha moto. Nami nikachovya mwiba kwenye chupa ya nyasi, nikakoroga damu yake. Kazi ya kupepesa jicho.

Nilijua kitakachotokea! Ataruka, atalia “Kimeta! Kimeta!” mbele ya wote. Nami nitainuka taratibu niseme, “Mheshimiwa, hizo ni nyasi, mrudishie ng'ombe.” Nilikuwa nimeshauma mkono wa kanzu nisicheke kabla ya wakati.

Lazaro akainama kwenye hadubini. Akakaa pale muda mrefu. Hakuruka wala hakulia. Alipoinua uso alikuwa na rangi ya majivu. Akatoka bila kumwangalia mtu, akarudi na Bwana Mganga.

“Bwana,” akasema, “nimeona vijiti. Ni ng'ombe wa nyumbani kwetu.”

Mnaelewa? Angeweza kukipangusa kile kioo kwa kanzu yake na dunia isijue! Mimi ningekipangusa. Yeye alimshtaki baba yake mwenyewe, kwa sababu aliambiwa aseme anachokiona.

Bwana Mganga akatazama. Akamdunga panya, hilo hakuliacha. Lakini kusubiri hakusubiri. Walowezi walikuwa wanamkalia kooni, na ng'ombe wa boma walikuwa wanakunywa kwenye mto uleule. Akaita askari.

“Kesho asubuhi. Ote piga. Ote zika.”

Nikafungua mdomo. Naapa niliufungua! Bwana Mganga akageuka na masharubu yake.

“Nini wewe?”

“Naomba kwenda chooni, Bwana,” nikasema.

Ndiyo. Hayo ndiyo maneno niliyoyapata, wakati ng'ombe thelathini na mmoja wako hai, wanacheua.

Asubuhi tukapelekwa wote sita, tumebeba chokaa ya kumwaga kwenye shimo. Mbele shaushi na askari wake, katikati Bwana Mganga juu ya nyumbu, nyuma sisi. Njia nzima ya migombani nilimwangalia Lazaro kisogoni. Nikajiambia nitasema tukifika kwenye kijito. Tukavuka kijito. Nikajiambia nitasema tukiuona mlango wa zizi. Tukauona mlango wa zizi.

Lazaro akamwinamishia baba yake kichwa, kama tunavyofanya sisi Waarusha, na Mzee akamgusa utosini.

“Mwanangu, wageni wako mbona wana bunduki?”

“Baba, damu ina ugonjwa.”

“Nani kasema?”

“Nimeuona kwa macho yangu, baba.”

Mzee akawageukia ng'ombe. Walikuwa wanono, manyoya yanang'aa, mmoja anamlamba ndama wake. Akamtazama tena Lazaro, akamwuliza polepole, “Kwa macho yako hayo niliyokuzaa nayo?”

“Ndiyo, baba.”

Shaushi akasema, “Mzee, toka njiani.” Bunduki zikaanza.

Sijawahi kusikia ng'ombe akilia kama mtu. Walirundikana mlangoni, wa nyuma wakiwapanda wa mbele, na risasi zikawaingia mbavuni na tumboni. Jike mmoja alitoka mbio huku anakanyaga utumbo wake. Ndama hawakupigwa risasi. Walichomwa singe, eti risasi zisipotee bure! Damu ilichanganyika na samadi mpaka ikatufika vifundoni. Mwenzetu mmoja akatapikia kapu lake la chokaa.

Hapo Mzee akaingia katikati. Hakuwa na mkuki wala rungu. Akainama, akang'oa majani chini, akainua mkono.

Kwetu mtu akiinua majani kwa mkono wa kulia, ugomvi umekwisha. Hata adui wa damu anashusha rungu, maana majani ndiyo uhai wa ng'ombe na ng'ombe ndio uhai wetu. Mtoto wa kuchunga anajua. Lakini askari yule alitoka mbali, kwao hakuna kitu kama hicho. Yeye aliona mzee ameinama ghafla, ameokota kitu, ameinua mkono.

Akafyatua. Risasi ikapita katikati ya kiganja. Majani yakaruka pamoja na vidole viwili.

Lazaro alipiga ukelele mmoja tu. Mimi nilikuwa nimesimama na kapu langu la chokaa kama mjinga, na ndani ya kichwa changu kuna sauti inasema: nyasi, ni nyasi, ni nyasi. Mdomoni haikufika!

Maksai mweupe alikuwa wa mwisho. Alikula risasi nne. Alianguka, na kengele ikaendelea kulia, kwa sababu shingo ilikuwa bado inapapatika.

Jumatano panya alikuwa mzima. Alhamisi alikuwa mzima, anatafuna ukindu wa sanduku. Bwana Mganga akamwangalia yule panya kwa muda mrefu, masharubu yamelegea. Ijumaa akatupanga mstari.

“Nani tengeneza kioo ile?”

“Mimi, Bwana,” akasema Lazaro.

“Wewe chafu! Kioo chafu! Wewe danganya mimi!”

Jamani, mtu mzima amekosa, anatafuta mgongo wa kulipia, na mgongo wenye kosa uko hatua mbili pembeni, umenyamaza! Lazaro akalazwa uwanjani juu ya pipa. Hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano. Sisi watano tukaamriwa kuhesabu kwa sauti. Nilihesabu. Nilihesabu vizuri, sikukosea hata moja. Kuanzia kumi na mbili kiboko kilikuwa kinarudi na nyama.

Nilidhani basi, mabaya yamekwisha. Kumbe!

Kiganja cha Mzee kikaanza kunuka. Kilivimba mpaka kikafanana na kiwele, kikawa cheusi, wekundu ukapanda mkono mzima. Ndugu zake wakamchukua mpaka bomani kwa yuleyule Bwana Mganga, maana mganga wa watu alikuwa safarini. Bwana Mganga akaniita mimi nipake usaha wake kwenye kioo, kwa kuwa Lazaro alikuwa hawezi kukaa wala kusimama.

Nikainama kwenye hadubini. Mungu wangu! Vilikuwepo vya shanga, vya vijiti, vilivyoungana minyororo, vimejaa hata nafasi ya viduara vya damu haipo. Vile vya kwanza niliviweka kwa mwiba, vya mchezo. Hivi vilikuja vyenyewe, vikakua ndani ya nyama ya mtu bila chupa na bila meko. Nani aliyevifungulia mlango?

Mkono ule wa kulia ulikatwa chini ya kiwiko. Wanaume wanne walimshika, na mguu wa kulia nilipewa mimi. Mzee aliuma mkanda wa ngozi, macho ameyakaza darini. Msumeno ulipofika mfupani mguu wake uliruka ukanipiga kifuani, ukanitupa ukutani. Nikasimama nikaushika tena. Alipopumzika akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, “Pole, mwanangu, nimekuumiza.”

Pole! Akaniambia mimi pole!

Nilimngoja Lazaro kando ya mto Themi siku alipoweza kutembea. Niling'oa majani, nikayashika mkononi, nikampelekea. Nikamweleza yote: mwiba, chupa, choo, na hesabu ya viboko. Nililia mpaka kamasi zikaingia mdomoni.

Nilipomaliza akayatazama majani mkononi mwangu.

“Haya,” akasema, “ni mabichi au umeyachemsha?”

Nikazidi kumnyooshea.

Kwetu huwezi kumpiga aliyeshika majani. Lazaro ni Lazaro, taratibu hazivunji. Akayatoa mkononi mwangu moja moja, akayalaza chini pembeni vizuri, yasikanyagwe. Kisha akaokota jiwe la mtoni akanipiga nalo mdomoni. Meno matatu ya mbele yalitoka papo hapo, na taya halijanyooka hadi leo. Sasa nikisema neno la kuchekesha linatoka upepo tu, watu wanacheka upepo.

Shule hakurudi. Anachunga mbuzi wa watu, yeye aliyekuwa na zizi la kurithi. Baba yake nilimwona juzi njiani, nikampa shikamoo. Akaniitikia. Hajui! Lazaro hakumwambia, na kila siku asiyomwambia ni jiwe jingine mdomoni mwangu.

Wenzangu wa shule, hasa ninyi mnaopenda kuchekesha, nisikieni. Kuzeni vijidudu, vitazameni, ni elimu nzuri na mimi bado naipenda. Lakini kioo msikichezee, maana wewe unaona tone, na mwenzako anaona zizi lake zima. Na ninyi mnaopewa hadubini na bunduki kwa pamoja, mngojeni panya! Siku mbili tu!

Na ukishakosa, sema hapohapo, hata kama sauti inatetemeka, hata kama kiboko kimening'inia ukutani. Mimi nilikuwa na njia nzima, kutoka shuleni mpaka Engutoto, ya kusema neno moja fupi. Nyasi.

Mzee akitaka kuomba amani siku hizi anang'oa majani kwa mkono wa kushoto. Wazee wenzake wanageuza uso, kwa adabu, wasimwone.