Saumu za Kuombea Mtoto

Asubuhi ile nilikuwa karakanani kwa baba, mjini Barawa, nikishona makubadhi. Mchumba wangu Zuhura alikuwa amemtuma nduguye aniambie kwamba ya arusi anayataka mekundu. Nilikuwa kijana wa miraba minne, mlaji, mcheshi. Mama akaita tukale.

Adhuhuri wakaja wenye bunduki.

Wakachukua mchele. Kesho yake wakaja wengine, wakachukua mahindi.

Waliofuata hawakukuta kitu. Wakampiga baba risasi.

Mji ulishikwa na hawa, ukashikwa na wale, na kila aliyekuja alitupekua jikoni. Kwa muda wa karibu miaka miwili tulikula uji mwepesi wa mtama, na siku nyingine hata huo hatukuupata. Nikabaki mifupa. Ndevu zikaacha kuota, nami nikafurahi kupumzika na wembe. Ujana nao!

Tulikimbilia Mombasa pamoja na kina Zuhura. Tulikaa kambini kwanza, kisha tukapata chumba Mji wa Kale, nami nikapata kazi ya kushona viatu katika duka moja la Ndia Kuu. Mama akasema arusi isingoje tena. Tukaoana.

Fungate ikaisha nimelala ubavuni mwa mke wangu kama kakake. Leo nalisema bila haya, lakini siku zile nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwili haukutaka kitu. Zuhura alinisitiri, hata somo yake aliyemfunda hakumwambia.

"Usiwe na wasiwasi," aliniambia. "Mngu atatupa."

Mama alidhani ni jini, akaniletea makombe, maji ya aya zilizooshwa sahanini, nikanywa. Kisha nikaazimia kufunga kila Jumatatu na Alhamisi mpaka Mola atujaalie mtoto. Nilifuturu kwa tende na kahawa, basi, maana hofu ya kumaliza chakula cha nyumbani ilikuwa haijanitoka. Kwetu mwenye haja hufunga akaomba. Nilifunga zaidi ya mwaka, na nilizidi kukonda.

Mwishowe baba mkwe akaja kuomba bintiye aachwe. Hakuja kwa ukali. Vita vilikuwa vimemmalizia wanawe, akabaki na huyu mmoja wa kumpa wajukuu. Zuhura alikataa katakata. Talaka niliitoa mimi, na niliitoa kwa kuwa nampenda.

Baadaye kizunguzungu kilinipeleka kwa daktari mmoja mzee wa Makadara. Alinitazama mikono, akanitazama kidevu.

"Ndevu hazioti tangu lini?"

"Tangu vita."

"Na hamu ya mke je?"

Nikainama.

"Hili si jini, mwanangu. Ni njaa. Mwili ukikosa chakula muda mrefu huacha mambo ya uzazi, upate kuishi. Nawe sasa wala chakula vizuri?"

"Nafunga, daktari. Naomba mtoto."

Akavua miwani.

"Basi kula," akasema. "Mngu humsikia hata aliyeshiba."

Nikala. Miezi ikapita, ndevu zikarudi. Hamu nayo ikarudi, katika chumba kisicho na mke. Zuhura alikuwa ameshaolewa na karani wa Kilindini, na ana mimba. Nililia sana. Sikuoa tena.

Kila mwaka ukoo wetu hukutana kuwasomea hitima waliouawa. Baba hutajwa, na wengine wote hutajwa mmoja mmoja, nasi tukaitikia amin. Watoto ambao mimi na Zuhura tungewazaa siwezi kuomba watajwe. Hawakupata hata majina.