Plagi Iliyoanguka

Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua mahindi Migwani huzamisha mkono hadi chini ya gunia, kwa sababu yale ya juu huwa yamechaguliwa. Mke wangu husema nilizaliwa nikimwangalia mkunga kwa jicho la pembeni. Huenda. Lakini kazi yangu ni kutunza injini za ndege ndogo, na sijasikia ndege iliyoanguka kwa sababu fundi alishuku mno.

Tulikuwa wawili pale bandani, kando ya uwanja wa vumbi nje ya mji wa Kitui. Mwenzangu alikuwa mtu wa Mukuyuni, shemasi kanisani kwao, mpole, mwenye mkono mwepesi. Tulikunywa chai ya chupa moja miaka mingi. Nilimpenda. Kumpenda mtu na kumshuku huweza kukaa nyumba moja. Muulize yeyote aliyeoa.

Siku hiyo tulikuwa tunasafisha plagi za ndege moja. Injini ile ina silinda sita, na kila silinda ina plagi mbili, moja juu na moja chini, ili moja ikikataa kutoa cheche ya pili iendelee na kazi. Unazifungua zote, unakwangua masizi na madini ya risasi yaliyoganda, unapima mwanya kwa waya, unazijaribu kwenye mashine, kisha unazirudisha. Na kuna sheria ambayo kila fundi hufundishwa mapema: plagi ikianguka chini, hiyo imekufa, itupe. Haijalishi inavyong'aa. Kauri ya ndani hupata ufa mwembamba usioonekana kwa jicho, na hata mashine yaweza isiuone. Itawaka vizuri mkiwa chini, halafu injini ikichemka huko juu ndipo ianze kukohoa. Kwa hiyo aliyeiangusha ndiye peke yake anayejua.

Nilikuwa nje nikinawa mikono niliposikia kitu kikigonga simiti. Mlio mfupi, mkavu. Niliporudi ndani mwenzangu alikuwa anakaza plagi kwenye injini, kanipa mgongo. Nikamuuliza ni nini kimeanguka. Akasema ni spana. Lakini spana ikianguka hulia kwa sauti nzito, tena huruka na kulia mara ya pili. Na alikuwa akiimba pambio, yeye ambaye akikaza plagi hata salamu haitikii.

Nikaangalia boksi la akiba. Tupu. Mpya zingetoka Nairobi, na bosi alikuwa ameshatuambia kwamba ndege lazima iondoke kesho yake asubuhi na watu wa kliniki kwenda kaskazini, hataki kusikia habari za kuahirisha. Hapo nikaelewa jinsi mtu mwema anavyoweza kuokota plagi, akaipangusa na kuirudisha. Na katika watu hao wa kliniki muuguzi alikuwa mke wangu. Mwenzangu hakujua kwamba zamu ni yake, maana mambo ya nyumbani siyapeleki kazini.

Nilimzunguka mchana kutwa. Nilimtaka aape. Akasema kanisa lao haliruhusu viapo, ndiyo yao ni ndiyo tu. Nikamwambia basi aseme hiyo ndiyo. Akasema niiulize injini. Tukaiwasha. Akazima magneto ya kushoto, ule mtambo unaozipa plagi umeme, kisha akairudisha na kuzima ya kulia. Injini ikanguruma bila kuyumba. Akanitazama kama mtu aliyeonewa, nami nikaanza kujishuku mwenyewe: labda ni masikio, labda ni uzee. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema ufanye nini ukishavua nguo zote na hujakiona.

Jioni, injini ikiwa imepoa, alikuwa anajifuta mikono ili tufunge banda. Nikamsogelea. Hasira zilikuwa zimeniishia, nikabaki na woga mtupu.

"Ndugu," nikamwambia, "kesho mama watoto wangu ndiye ataenda na hii ndege. Ni zamu yake ya kliniki."

Akaweka kile kitambaa chini, akachukua spana ya sokiti, akafungua kifuniko cha injini na kuinama. Hakuniuliza nashuku ipi. Zile za mbele hakuzigusa. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye silinda ya tatu, plagi ya chini, akaifungua na kuiweka kwenye kiganja changu.

"Nilidhani itafika tu," akasema.

Kliniki iliahirishwa. Bosi alifoka, tukafokewa wote wawili, na mwenzangu hakujitetea. Wanaonisikia nikisimulia haya hunipongeza, wanasema kushuku kwangu kumeokoa watu. Mimi nilishukuru karibu nilie, na papo hapo nikamwogopa mwenzangu kuliko nilivyowahi kumwogopa mtu. Maana yeye alimjua rubani, na daktari wa kliniki pia alimjua. Tangu asubuhi alijua kwamba wao watapanda, na aliimba pambio. Kama zamu ingekuwa ya mke wa mtu mwingine, ndege ingepaa.